Nafasi Katika Friza ya Bi Hortensia

Kabla ya alfajiri, friji lilikohoa mara moja, likatetemeka, kisha likaanza kunguruma. Vijiko vilivyowekwa juu yake vikagongana taratibu.

"Umeme umerudi!" mtu akapiga kelele barabarani, na nyumba baada ya nyumba ikaitikia. "Umerudi! Umerudi!"

Noraida, mama yake Maidelin, aliruka kitandani huku akifoka. "Tangu jana asubuhi! Wanadhani sisi popo, tunaishi gizani?" Akakimbilia jikoni kuinjika maharagwe, mkono mwingine ukitafuta pasi. Ndivyo walivyoishi katika mtaa ule wa mji wa Bayamo. Umeme ukija, kazi za siku nzima zilifanywa kwa mkupuo, kwa sababu hakuna aliyejua ungekaa muda gani.

Maidelin, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuinuka. Alilala macho wazi akilisikiliza lile friji. Mle ndani mlikuwa na beseni la nyama ambalo halikupaswa kuwamo.

Ilikuwa nyama ya nguruwe waliyemlisha mwaka mzima kwa makombo na maganda ya viazi, shambani kwa mjomba wake. Jumamosi bibi yake, Eulalia, angetimiza miaka themanini, na nyama ile ilikuwa ndiyo karamu yake. Mjomba alikuwa ameileta ikiwa mbichi kabisa. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba zilizopakana na zahanati, umeme haukuwa ukikatwa. Kwa hiyo jana asubuhi Mama alisema, "Kabla hawajakata, peleka beseni hili kwa Bi Hortensia. Tumeshaelewana. Usikawie." Kisha akaenda kazini.

Maidelin hakwenda. Wiki iliyopita, mbele ya foleni nzima ya mkate, Bi Hortensia alimnyooshea kidole. "Wewe ndiye unayenimalizia mapera yangu!" Watu walicheka, na tangu siku hiyo wavulana wa darasa lake walimwita Mapera. Naye hakuwa amechuma hata moja! Kila alipokumbuka, mashavu yalimwaka.

"Niende kumpigia hodi mimi? Thubutu!" alijisemea, akalirudisha beseni kwenye friza na kuubamiza mlango.

Punde umeme ukakatika. Kila hofu ilipomshika, Maidelin alifungua friza kuitazama nyama, na kila alipofungua, baridi kidogo iliyobaki ilitoka. Mlango wenyewe ulikuwa mzee, umezibwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Jioni aliigusa nyama kwa kidole. Ilikuwa laini, yenye uvuguvugu, imelowa maji mekundu.

Na sasa umeme ulikuwa umerudi. Alipotoka shuleni mchana, nyama ilikuwa imeganda, ngumu kama jiwe. Ukiitazama usingejua lolote. Mama aliporudi akauliza, "Nyama umeshaichukua kwa Bi Hortensia?"

"Ndiyo, Mama," alijibu Maidelin.

"Shikamoo yangu umemfikishia?"

"Ndiyo."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumamosi asubuhi Mama aliipaka nyama kitunguu saumu na maji ya machungwa makali, akabandika sufuria ya mafuta juu ya mkaa. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha kubembea, amevaa gauni lake la bluu, akimchezesha mguuni Yoelito, mdogo wake Maidelin, ambaye hata shule hajaanza.

"Kipande cha kwanza cha nani?" Mama aliuliza.

"Changu!" Yoelito akadakia.

"Mpe mtoto," Bibi alisema akicheka. "Cha pili changu."

Maidelin aliiona ile mikono midogo ikipokea sahani, ikikipuliza kipande ili kipoe. Akamrukia. Sahani ilipasuka sakafuni, na Yoelito akaangua kilio.

"Una wazimu?" Mama alifoka. "Siku ya Bibi yako unavunja vyombo?"

"Asile! Asile mtu!" Maidelin alipiga kelele. "Sikuipeleka! Ilikaa humu humu, ikapata joto, ndipo ikaganda tena!"

Mama alimtazama kana kwamba hamjui. "Ulinitazama usoni ukanijibu ndiyo."

"Alinitukana! Mbele ya watu wote alinitukana, na wewe hukumwambia kitu!" Hasira ya wiki nzima ilimtoka pamoja na machozi.

"Kwa hiyo dawa ni kumwua mdogo wako?"

Bibi aliinuka, akaisogeza sufuria kutoka motoni. "Noraida, pumua. Wewe, njoo hapa. Ulipoigusa jioni ilikuwa ya baridi?"

"Hapana, Bibi. Ilikuwa na uvuguvugu."

"Basi yote itupwe."

"Yote?" Sauti ya Mama ilipasuka. "Mwaka mzima, Mama! Tuichemshe sana basi. Hata haina harufu!"

"Uchafu wenye sumu hauna harufu kila mara. Friji huvilaza tu vile vijidudu, haliviui. Na sumu vilizokwisha kuacha, nyingine hata moto hauziwezi. Nyama ikishalala kwenye joto saa nyingi, kuigandisha tena ni kuificha tu." Bibi alimfuta Yoelito machozi kwa pindo la gauni lake jipya. "Wala msimpe mbwa. Chimbeni shimo."

Walichimba uani. Mama alipiga jembe kwa ghadhabu hadi udongo ukamrukia usoni. Walipomaliza alimshika Maidelin mkono, wakavuka barabara.

Bi Hortensia aliwafungulia akiwa amenuna. Maidelin alieleza yote, macho yakiwa miguuni.

"Kumbe!" alisema Bi Hortensia. "Nilikungoja siku ile nzima, wewe! Njoo uone." Akafungua friza yake. Upande mmoja ulikuwa mtupu kabisa, umefutwa ukang'aa. "Nilitoa samaki wangu wote nikawapika, nikagawa kwa majirani, ili nyama ya Eulalia ipate nafasi. Nilikaa mlangoni kama mlinzi!"

Maidelin aliitazama nafasi ile. Angetamani apigwe kofi kuliko kuiona.

"Na jambo jingine," Bi Hortensia aliendelea, sauti ikishuka. "Mapera yangu yanaliwa na popo. Nimewaona kwa macho yangu. Nilitaka nikuombe radhi utakapoleta nyama. Hukuja."

"Ungekuja wewe," Maidelin aliropoka.

"Maidelin!" Mama alimkemea.

"Mwache, amesema kweli," alisema Bi Hortensia. "Nilikutukana foleni nzima ikisikia. Jumatatu nitasema kosa langu pale pale." Akatoka uani, akarudi amembana kwapani kuku mweupe aliyekuwa akipiga kelele. "Mchukueni huyu. Hahitaji umeme."

Mama alijitahidi asicheke, akashindwa.

Jioni mtaa mzima ulikula supu ya kuku na mahindi kutoka sufuria moja. Bibi alimketisha Maidelin kando yake. "Hasira yako ilikuwa ya haki, mjukuu wangu," alisema. "Ungempigia kelele mlangoni kwake, ningekutetea. Lakini nyama haijui nani kamkosea nani. Chakula kikiharibika, sema saa ile ile, hata kama kosa ni lako. Ukinyamaza, atakayeumia ni yule anayekipokea kwa mikono miwili."

Maidelin aliitikia kwa kichwa. Akachota bakuli la supu, akalifunika kwa sahani, akavuka barabara peke yake kumpelekea Bi Hortensia, aliyekuwa amebaki kwake kwa sababu ya miguu yake mibaya.

Bi Hortensia alipokea bakuli, akamtazama. Bado uso ulikuwa umekunjamana kidogo, na wa Maidelin vilevile.

"Kesho njoo tena," alisema. "Na usingoje mpaka umeme ukatike."