Bwana Chupuchupu na Fundi wa Lifti

Asubuhi ile, ukumbi wa chini wa jengo refu la ofisi ulifurika watu kama mnadani, maana kati ya lifti mbili ni moja tu iliyokuwa inapanda. Mbele ya ile mbovu alipiga magoti dada mwembamba mwenye ovaroli ya bluu na kilemba cha njano, anakaza skrubu za mlango. Mafundi wenzake, wanaume watupu, walimwita Spana.

Ghafla mtu akamkanyaga mguu, akapepesuka, akajishikilia kwenye ndoo ya grisi, akaanguka nayo.

"Samahani dada! Nimekuumiza?"

"Mimi mzima. Jitazame wewe."

Jamaa alikuwa mrefu, vifungo vya shati lake vimefungwa kombo, na shati lenyewe sasa lilikuwa na grisi hadi kwenye ukosi. Karatasi zilizokuwa kwapani mwake zilitapakaa sakafuni. Spana akaokota moja. Katika mchoro ule, mtu mfupi mwenye joho alikuwa anaruka angani, joho limenasa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na suruali ya mtu imemfunika uso.

"Huyu nani?"

"Bwana Chupuchupu. Ni shujaa. Namchora kwenye jarida la katuni, hapo ghorofa ya saba. Yuko ukurasa wa mwisho."

"Shujaa gani hajui kuruka?"

"Kuruka anajua. Kutua ndiyo kazi."

Spana akaangua kicheko, watu wenye haraka zao wakageuka. Mchoraji akaandika namba yake ya simu pembeni mwa mchoro, akamwachia.

Jioni Spana alinunua jarida lile. Kurasa za mbele zote zilikuwa za shujaa mwingine, pande la mtu, kifua kama mlango. Hakumsisimua. Ukurasa wa mwisho Chupuchupu alikwenda kuzima moto, akajikwaa kwenye bomba, akaangukia tangi la maji. Tangi likapasuka, moto ukazimika, naye akawaomba radhi wenye nyumba kwa kuwalowanisha. Swali likamkereketa Spana kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Akapiga simu.

"Mchoraji, kwa nini huyu mtu anaomba radhi kila saa?"

"Hujambo kwanza, mpenzi msomaji."

"Sijambo. Nijibu."

"Ndivyo alivyolelewa."

"Na kwa nini kila mara anachelewa?"

"Anachelewa, lakini umewahi kuona hakufika?"

"Umemtoa wapi? Ni wewe?"

"Hilo sikwambii. Nikikwambia, hutapiga tena."

Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Simu zikazaa chai ya mchana kwenye mgahawa wa pembeni, chai ikazaa matembezi. Mchoraji alimwita "injinia wangu". Spana alimwita "mheshimiwa grisi", naye kila walipoonana alimfungulia vifungo vya shati na kuvifunga upya, kama mtu arekebishaye mashine aipendayo.

Siku moja Spana alimwambia jambo ambalo hata dada yake hakulijua. "Mwenzio naogopa shimo la lifti. Kabla ya kuingia, nasimama ukingoni naimba ule wimbo wa chekechea wa kuhesabu vidole. Nikimaliza vidole, naingia." Mchoraji hakucheka. Alimshika mkono tu.

Jarida lililofuata Spana alilikuta limefunguliwa kwenye chumba cha mafundi, wenzake wamelizunguka. Ukurasa wa mwisho Chupuchupu alikuwa na rafiki mpya: fundi mwanamke mwenye kilemba cha njano, amesimama ukingoni mwa shimo, anaimba kuhesabu vidole.

"Kumbe ndizo zile nyimbo tunazozisikia!" mmoja akapasuka. "Spana, leo umefika kidole gani?"

Msimamizi hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwita pembeni. "Mwenye hofu shimoni ni hatari kwake na kwa wenzake. Kuanzia leo utapokea simu za wateja."

Mchoraji alipopiga, Spana alipokea mara moja tu.

"Injinia wangu, umeona? Mhariri alitaka kumuua Chupuchupu, anasema wasomaji wanataka nguvu. Sasa barua zinamiminika, wanampenda yule fundi!"

"Wanampenda nani? Nimetolewa kwenye kazi yangu kwa sababu yako. Nilikupa siri, ukaenda kuichapisha."

"Sikujua... Nilidhani nakusifu."

"Ungeniuliza."

Akakata. Siku zilizofuata alikaa mezani kupokea simu, anasikia wenzake wakipanda na mikoba ya zana, na moyo wake ukiwafuata. Hasira yake haikuwa ya kuchekwa. Ilikuwa ya kupokonywa kazi aliyoijua kuliko kiganja chake. Hatimaye akaingia ofisini kwa msimamizi bila kubisha hodi.

"Ni kweli naogopa. Lakini ni lini niliwahi kuacha bolti imelegea?"

Msimamizi akakuna kidevu. Nyuma ya mlango, fundi mzee kuliko wote, ambaye Spana alimwita baba, akakohoa. "Mkuu, mimi kabla ya kushuka huwa nasali, tena kwa kutetemeka. Nisiyemtaka shimoni ni yule asiyeogopa kitu."

Kesho yake Spana alirudi kwenye zana zake. Alipotoka kazini akamkuta mchoraji kwenye ngazi za nje, amekonda, vifungo kombo.

"Nimemwambia mhariri yule fundi sitamchora tena mpaka uniruhusu," alisema. "Akataka kunifukuza. Nikamwambia anifukuze. Bado anafikiri. Nisamehe, mpenzi wangu. Na lile swali lako nalijibu. Chupuchupu ni mama yangu. Shuleni alichelewa kunichukua kila siku, amejikwaa huku, kamwaga kile. Lakini hakuna siku hakuja."

Spana akauliza, "Na yeye ulimwomba ruhusa?"

"Hapana."

"Basi twende."

Nyumbani kwao mchoraji, mama alifungua mlango kwa kishindo, paji la uso likagonga ubao. Mwanawe alipomaliza kukiri kwa kigugumizi, mama alikuwa tayari amemwaga chai kwenye kitambaa cha meza.

"Miaka yote hii ulidhani sijui? Nilijitambua siku ya kwanza," alisema akipangusa. "Mwezi mzima nilikununia, wewe hukuona. Halafu jirani aliyefiwa akanijia na jarida, anacheka mpaka machozi. Nikasema basi, acha niwe kichekesho. Lakini kuniuliza ungeniuliza, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na huyu binti, umemuuliza?"

"Habari ya kumchora?"

"Habari ya kumuoa, bwege wewe!"

Mchoraji akasimama, goti likagonga meza, kikombe cha pili kikaenda. Spana aliegemeza kidevu mkononi, macho yanang'aa.

"Mwache, mama. Nataka nione atauliza vipi."

Aliuliza vibaya. Alianzia katikati, akarudi mwanzo, akasahau jina la kazi yake mwenyewe. Spana alisikiliza hadi neno la mwisho bila kumsaidia.

"Ndiyo," akasema. "Sasa njoo hapa nikufunge hivyo vifungo."