Nzi wa Nywele za Brightson

Mimi ndiye niliyempa Gaspar uzi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Kiwalani wakisimulia kisa hiki huliruka, eti wananionea huruma. Huruma yao siitaki.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za kwaya, Gaspar akaja kuniomba uzi mweusi, ule mwembamba. Yeye na mkewe Tupokigwe ni wapangaji wa chumba cha pili. Siku hiyo walikuwa wanatimiza mwaka wa ndoa, na badala ya kumpeleka mwenzake akale chipsi kuku kama waume wengine, alitaka wakavue samaki mto Mzinga, kule Kongowe.

Tena si kuvua tunakokujua sisi. Ujanani kwao Mufindi aliwabebea mizigo wageni wa shamba la chai waliokuwa wakivua samaki wa trauti kwenye mito ya baridi, akajifunza kwao kutengeneza nzi wa bandia. Unachukua ndoana ndogo, unaizungushia manyoya na uzi mpaka samaki aione kama mdudu. Alijisifia ufundi huo mpaka tukachoka. Mzinga hakuna trauti, kuna kambale, lakini nani amwambie Gaspar?

Waliniachia mtoto wao, Brightson, wa miezi mitatu, na chupa mbili za maziwa aliyokamua mama yake. Tupokigwe alikuwa hajatoka nyumbani tangu ajifungue. Aliondoka anacheka, kiatu kimoja bado hajakifunga.

Saa nane mchana mtoto alikuwa amelala mkekani, miguuni pangu. Nikasikia kama kikohozi. Nikatazama chini.

Mdomo wake wa juu ulikuwa umeinuka upande wa kushoto. Umeinuka kabisa, ufizi unaonekana, kama mtu ameushika kwa vidole viwili. Hapakuwa na mtu. Halafu kichwa kikageuka. Halafu mwili ukafuata. Mtoto wa miezi mitatu, asiyejua hata kujigeuza, alikuwa anateleza juu ya mkeka kuelekea mlangoni, akitanguliza mdomo.

Nikamdaka. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Ule mvuto ukaja tena, nikausikia kifuani mwangu. Hakulia. Alikuwa anafumbua na kufumba kinywa, anafumbua na kufumba.

Nikapiga simu, nikaweka spika. Tupokigwe alipokea kwa furaha.

"Dada Anastasia! Baba Brightson kanasa kitu hicho! Fimbo imepinda yote!"

"Mwambie alegeze," nikanong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona.

"Nini?"

"Alegeze mshipi, Mama Brightson. Sasa hivi."

Nikamsikia akimwambia mumewe. Mdomo wa mtoto ukashuka. Damu kidogo ikatoka, tone moja, ikaanguka kwenye sare ya kwaya.

"Mtoto huku anavutwa mdomo! Muulize huyo nzi kamfunga na nini."

Ikaja sauti ya Gaspar kwa mbali, ya mtu anayesumbuliwa: "Si zile nywele za mtoto, zilizokuwa kwenye leso. Laini, zinaelea vizuri. Niacheni basi, nitampoteza!"

Brightson alinyolewa siku ya arobaini, na nywele zile za kwanza bibi yake wa Tukuyu aliagiza zitunzwe mpaka aje kuzifukia mwenyewe. Mie mwenyewe huwa sitoki saluni bila kuokota nywele zangu. Na mwanamume huyu, mwenye akili zake, alizitupa mtoni zikiwa kwenye ndoana.

"Gaspar, acha!" Tupokigwe alikuwa analia sasa. "Acha, unamuumiza mwanangu!"

"Dakika moja tu. Mkubwa huyu, hujawahi kuona!"

Akavuta. Alijua, akavuta. Mdomo wa mtoto ukapasuka mbele ya macho yangu, na safari hii akalia, kilio chembamba, na miguu yake ikanyooka hewani. Nilikuwa nimejishikiza kwenye meza ya cherehani. Meza ikasogea.

"Kata!" nikapiga kelele. "Mama Brightson, kata huo mshipi!"

Akaukata kwa meno.

Mtoto akalegea mikononi mwangu. Akapumua. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mjinga mimi.

Jioni walirudi, wakampigia simu bibi wa Tukuyu. Tupokigwe alieleza yote, mpaka nilivyosema kata. Bibi akauliza polepole, "Kwa hiyo nywele ziko wapi?"

"Zimebaki naye, mama. Huyo wa mtoni."

"Mngemvuta mkamtoa," bibi akasema. "Hata mtoto angechanika uso mzima, mngemtoa tu, mkazichukua nywele zenu. Sasa mmemkabidhi."

Akakata simu.

Walihamia Kimara, mbali na mto ule. Gaspar hakumaliza mwezi, akarudi kwao, na hapigi simu. Tupokigwe sasa anamfunga mtoto kiunoni kwa kanga, kisha anaifunga kanga kwenye mguu wa kitanda. Majirani wa huko wanamwita mchawi, mama mkatili. Yeye anakaza fundo tu.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona. Brightson ana miezi kumi na hajaanza kutambaa. Nilimkuta ukutani, upande wa Mbagala, mto ulipo, kanga imekazika mpaka nyuzi zinakatika, shavu lake limebanwa kwenye saruji. Kidonda mdomoni bado kibichi. Saruji pale imelowa, na ukiinusa inanuka tope.

Nilimshika nimrudishe kitandani. Akaja kidogo. Kisha yule wa upande wa pili akavuta, nami nikapiga ukuta kwa paji la uso.

Aliyesema kata ni mimi.