Takwimu za Wodi ya Chini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta katika hospitali moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ubao wa takwimu kwenye skrini unajisasisha wenyewe kila asubuhi, ili madereva wa ambulensi wajue wodi zipi zina nafasi. Wiki hiyo ukagoma. Akabadilisha neno la siri, akapanga upya ratiba, wapi! Kosa lilikuwa lile lile: kompyuta ya wodi ya chini haipatikani.

"Wodi ile si imefungwa, dada?" alimuuliza muuguzi mkuu.

"Imefungwa, mwaka wa pili sasa. Kompyuta tu ndiyo waliisahau. Chukua ufunguo, mdogo wangu, na usikawie huko."

Ulikuwa mchana, lakini kule chini madirisha yalizibwa kwa mbao na taa zilishang'olewa. Akaenda kwa kupapasa, akisikia nyayo zake tu. Akaikuta kompyuta ikinguruma kizani, waya wa mtandao umechomolewa. Akauchomeka, akampigia simu mwenzake wa ofisini.

"Jaribu sasa."

"Safi, imekubali!" Mwenzake akaisoma skrini. "Ila kaka, inasoma mgonjwa mmoja humo."

"Acha utani."

Nyuma yake chuma cha kitanda kikalia, kwiii, taratibu. Rafiki yangu akageuka, akanyoosha mkono kutafuta ukuta. Mkono ukatua kwenye godoro. Lilikuwa na joto, limebonyea katikati. Na chini ya kiganja chake likaanza kuumuka polepole, kama godoro linavyofanya mtu anaponyanyuka.