Handaki Chini ya Forodha ya Zamani

SAA 3:20 ASUBUHI

Dada alisukuma vikombe vya chai pembeni, akatandaza ramani mezani. Chumba cha nyuma cha boti kiliwatosha watu watatu. Walikuwa wanne. Magoti yaligongana.

"Kwa mara ya mwisho," alisema. "Mwenye swali aulize sasa. Baadaye sitaki kusikia 'mimi nilidhani'."

Miezi mitatu walikuwa wameishi humo, boti imefungwa gati la zamani, ubavu umebanana na ukuta wa mawe. Kiangazi kizima. Watalii walipita juu yao wakipiga picha ngome na minara yake. Walichokiona ni familia: mume anayehangaika na injini, mke anayeanika nguo, mdogo wa mke, na rafiki mmoja mwenye mikono mirefu kupita kiasi. Hakuna aliyeona shimo. Kati ya boti na ukuta, pale kivulini, palikuwa na mdomo wa handaki. Zamani forodha ilipitisha mizigo humo. Sasa forodha ni makumbusho, na ghala lake la chini lilihifadhi mikufu ya lulu ya matajiri waliokufa hawajashiba.

"Saa sita kamili mzinga wa ngome unalia, kama kila siku," Dada alisema. "Walinzi wanapokezana zamu. Ghala linabaki na kufuli tu. Mdogo wangu, hapo ndipo nyundo yako inasema. Pigo moja."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Kwa ufundi alikuwa mwashi, na Mwashi ndilo jina walilomwita. Kiangazi chote alikuwa aking'oa mawe ya ukuta wa ghala moja moja, na kuyarudishia kwa udongo. Lilibaki jiwe moja.

"Maji?" aliuliza mwenye mikono mirefu. Alikuwa mpiga mbizi. Walimwita Pweza.

"Yanakupwa sasa. Saa sita yatakuwa yanarudi kwa kasi. Saa saba handaki limejaa mpaka darini. Mkichelewa, shauri yenu."

"Hatuchelewi. Boti iwepo tu."

Wote wakamtazama Shemeji, mume wa Dada. Yeye alikitazama kikombe chake.

"Mimi na usukani," alisema. "Nitakwenda wapi?"

SAA 4:45 ASUBUHI

Mwashi hakumwamini Pweza.

Siku tatu nyuma alimwona mlangoni mwa ofisi ya bandari na ofisa mwenye sare nyeupe. Wanacheka. Wanapeana mikono. Pweza aliporudi, Mwashi alimuuliza alikokuwa.

"Nilikwenda kunyoa ndevu," Pweza alijibu. Ndevu zake zilikuwa vilevile, kama kichaka.

Mwashi alimnong'oneza Dada. Dada hakushtuka. Alisema neno moja tu: "Mchunge."

Sasa Mwashi alikuwa amechutama kwenye stoo ya mbele, mbele yake mtungi wa hewa wa Pweza. Pweza alikuwa ameshaukagua alfajiri. Hangeukagua tena. Kule nyuma Shemeji alikuwa akiijaribu injini, inanguruma, inakohoa. Mwashi alizungusha koki. Hewa yote ikatoka ikifoka, na injini ikaimeza sauti yake.

Aliona amepiga hesabu vizuri. Msaliti mwenye mtungi angeweza kuzama na lulu, aibukie kwa mapolisi wake. Msaliti asiye na mtungi atatembea nao, bega kwa bega.

SAA 5:40 ASUBUHI

Waliingia. Maji yalikuwa magotini, baridi, yananuka dizeli. Pweza aliuweka mtungi kwenye kibao cha jiwe karibu na mdomo.

"Wa dharura," alisema. "Mungu apishe mbali."

Mwashi alimwacha atangulie. Nyundo aliishika mkononi muda wote, hata pasipokuwa na ulazima wa kuishika.

SAA 6:00 MCHANA

Mzinga ulilia. Nyundo ikashuka. Jiwe likaangukia ndani.

Pweza alipenya kwanza, kama asiye na mifupa. Mwashi akamfuata, macho hayabanduki kwenye mikono ile. Kioo cha kabati kilikatwa. Lulu zikaingia mfukoni, nzito kuliko walivyofikiri. Kisha Pweza akafanya jambo ambalo Mwashi hakulitarajia. Alimtupia mfuko.

"Beba wewe. Mimi mikono yangu inatetemeka leo."

Mwashi aliupokea, akauvaa shingoni.

SAA 6:11 MCHANA

Maji yalikuwa yamefika kifuani walipoona mwanga.

Hapakutakiwa kuwa na mwanga. Pale mdomoni palitakiwa kuwa na ubavu wa boti na kivuli chake. Palikuwa na jua, bahari, na boti ya polisi inayonguruma taratibu.

"Ninyi wawili humo ndani!" kipaza sauti kilibweka. "Tokeni, mikono juu!"

"Wawili," Pweza alinong'ona. "Wanajua idadi yetu."

Nyuma yao, ghalani, viatu vizito vilitua sakafuni.

"Shemeji yako ameondoa boti. Ametuuza, bwana. Njoo." Pweza aliunyakua mtungi. "Tunapita chini yao mpaka kule kwenye boti za uvuvi. Unavuta hewa, navuta, unavuta. Usiniachie mkono tu."

Alizungusha koki. Kimya. Akazungusha tena. Akautikisa, akaugonga ukutani.

"Nani ameugusa huu?"

Mwashi angeweza kudanganya. Ulimi ulikataa.

"Mimi. Nilikuona na yule wa bandarini."

Pweza aliuachia mtungi majini.

"Nilikuwa naomba kazi," alisema. "Kusafisha matumbo ya meli. Nianze Jumatatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie dada yako? Angenicheka mpaka kesho." Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine ndefu. "Wewe toka mikono juu. Mimi jela nimeshaijua, siirudii."

Akazama.

Mwashi alihesabu kichwani. Akapitiliza idadi ambayo kifua cha mtu kinaweza kustahimili. Kisha boti ya polisi ilirudi nyuma ghafla, mtu akapiga kelele, injini ikazimwa. Alipotoka mikono juu, mfuko wa lulu shingoni, maji chini ya panga za injini ile yalikuwa mekundu.

SAA 6:40 MCHANA

Gatini, Shemeji alisimama kando ya inspekta, kofia mkononi. Dada aliketi kwenye jiwe, hana pingu.

"Nimechoka kukimbia, shemeji," yule mume alisema bila kuinua macho. "Hapa watu wananisalimia asubuhi. Wananiletea injini zao niwatengenezee." Akamgeukia inspekta. "Mke wangu hajui lolote. Ndivyo tulivyokubaliana."

Inspekta alimnyooshea Mwashi kidole, maji yanamchuruzika. "Mama, unamfahamu huyu?"

Neno moja la kukana lingetosha kumrudisha Dada kwenye nguo zake za kuanika. Shemeji alimkazia macho ya kusihi. Dada akainuka, akakung'uta gauni.

"Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja," alisema. "Na ramani niliichora mimi."

"Mama watoto! Nimekuombea wewe!"

"Nani alikutuma?"

Akanyoosha mikono mwenyewe.

SAA 7:05 MCHANA

Waliwafunga pingu moja, mkono wa kushoto wa Dada na wa kulia wa mdogo wake, wakawapandisha gari la polisi. Bega kwa bega kwenye benchi la chuma.

"Pweza yuko wapi?" Dada aliuliza kwa sauti ya chini. "Amepenya?"

"Hapana."

"Haiwezekani. Alikuwa na mtungi."

Mwashi alimweleza. Koki, injini inayonguruma, kazi ya Jumatatu. Hakupunguza kitu, hata rangi ya maji.

Dada alijivuta kusogea mbali naye. Pingu zikamrudisha.

"Nilisema umchunge," alisema. Gari liliwashwa. "Nilisema umchunge tu."