Mzigo wa Babu Kitwana

Usiku ule nilisikia miguu inapanda ngazi zetu, hapa Mtaa wa Narung'ombe. Miguu mizito, ya mtu aliyebeba. Sikushtuka. Kariakoo malori yanashusha mizigo usiku kucha, wabebaji wanapanda na kushuka mpaka alfajiri, na sisi tuliozaliwa hapa tumezoea. Nikamhamishia mwanangu Muaz ziwa la pili, nikafumba macho. Ila hii miguu ilipanda tu. Haikushuka.

Ngoja nianzie ilipoanzia, maana nikiwa na hofu nasema ovyo ovyo.

Naishi na Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Amepita themanini. Mume wangu Ubeid yuko bandarini, anahangaika na makontena ya watu, anarudi usiku. Nilipojifungua nikawa nashinda ndani na simu, na Bibi ananiona.

"Mjukuu wangu, hiyo simu inayojua kila kitu, haiwezi kunitafutia babu yangu?"

Babu yake aliitwa Kitwana. Kwenye ile vita ya kwanza, Mjerumani na Mwingereza, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Kambi ya wapagazi ilikuwa hapa hapa, hata jina la Kariakoo limetokana nao. Alimwacha mke ana mimba, hakurudi. Mke hakuletewa habari wala hakukaa eda. Alikuwa anamwekea sahani ya chakula mpaka na yeye akazeeka, akafa. Bibi alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: ajue babu yake amelala wapi, ili amsomee khitma moyo wake ukiwa umetulia.

Nikatafuta. Mitandaoni askari wa Kizungu utampata kwa jina, kwa namba, mpaka picha ya kaburi. Wapagazi wametajwa kwa maelfu, basi, hakuna majina. Ubeid ananicheka, "Wenzako wanatafuta vitenge mtandaoni, we unatafuta maiti." Nikaandikia ofisi moja ya nyaraka kule Upanga. Bwana mmoja, Onesphory, akanijibu niende, akanitolea picha ya zamani. Wanaume wamejipanga mstari mtoni, maji yako magotini, masanduku vichwani. Sura zimefutika zote kwa sababu walitikisika. Mmoja tu ametulia. Nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli: Kitwana, Kariakoo.

"Huyu alisimamaje kimya hivi na maji yanamsukuma?" Onesphory akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Yule mtu alikuwa na masikio ya Bibi.

Nikaipiga picha kwa simu, nikarudi mbio na bajaji. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Halafu akaninong'oneza, "Miaka yote namsomea mtu aliyelala. Kumbe bado amesimama."

Usiku wake ndio nikasikia ile miguu.

Kesho yake mchana, jua kali, redio ya jirani inaimba, mimi nakaanga samaki wa soko la Feri, Muaz mgongoni. Bibi amejilaza chumbani. Hodi. Mlangoni amesimama mbebaji, sanduku la mbao kichwani, amelowa. Sikumtazama vizuri. Hivi nani Kariakoo anamtazama mbebaji?

"Nitue, mwanangu."

Kwetu mtu akikwambia nitue, humuulizi wewe nani. Mzigo wa kichwani huushushi peke yako, utakuvunja shingo. Aliye karibu ananyoosha mikono. Nikanyoosha.

Lilikuwa jepesi. Jepesi kama tupu. Nikainama niliweke chini, vidole vikagusa sakafu. Hakukuwa na sanduku.

Nikainua macho. Anainyoosha shingo, polepole, kama mtu aliyesahau shingo inanyooshwaje. Anatabasamu, machozi yanamtoka. Masikio yale yale. Halafu mlango ukawa mtupu, na pale aliposimama pamebaki maji ya tope.

Na Muaz mgongoni akawa mzito.

Nilidhani ni hofu. Sikumwambia Bibi, moyo wake ni mbovu. Lakini kila siku anazidi. Kumtoa kitandani nahema. Kumnyonyesha mapaja yanakufa ganzi. Nikampeleka kliniki, mzani unasema amepungua. Nikarudi wiki iliyofuata, amepungua tena, mbavu zinahesabika. Nesi amemnyanyua kwa mkono mmoja, ananitazama vibaya. "We mama, unamnyonyesha huyu au unamwangalia?" Akanirudishia, magoti yangu yakakunjika palepale mbele ya watu.

Ubeid naye, "Mwepesi kama karatasi. Hicho ndicho kinachonitisha."

Mwenyewe halii. Mtoto wa miezi saba, halii. Shingo ameikaza, macho chini, kama anatazama anapokanyaga.

Halafu siku moja Bibi akasema nipe nimpakate. Akampokea, mikono yake ikaanguka mpaka kwenye mkeka.

"Umemtua nani?"

Nikamwambia yote.

"Na mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni."

Akafumba macho. "Ukimtua mtu, uwe mtupu. Sisi tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo. Ukipokea na wako mgongoni, mzigo unakuruka unakaa kwa aliye juu. Na uzito wake anausikia wa damu yake tu, au mbebaji mwenzake."

"Sasa inakuwaje, Bibi?"

"Sasa na yeye atuliwe."

"Mimi ndiye mama yake. Nipe mimi."

"Wewe? Halafu atanyonya nini, mikeka?" Alicheka kweli, jamani. Akavua hereni. Akavua bangili, akaweka tasbihi pembeni, akafungua kanga ya juu akaikunja. Akakaa katikati ya mkeka kama bi harusi. "Nitwishe."

"Bibi..."

"Nilitaka kujua yuko wapi, nimejua. Nitwishe, mjukuu wangu. Mkono unachoka kungoja."

Nilimtazama Bibi. Nikamtazama Muaz. Mungu anisamehe, sikuchelewa sana. Nikamwinua kwa nguvu zangu zote, nikaweka kichwa chake kwenye kichwa cha Bibi, na Bibi akasema taratibu, "Haya babu, pumzika, mimi nimepokea."

Muaz akalia. Kilio kikubwa cha njaa. Alikuwa mwepesi hata nikamrusha bila kukusudia.

Bibi hakuinuka tena pale. Usiku anahema kama anapanda mlima. Nikikaa naye anataja majina ya mito nisiyoijua, anauliza kama tumekaribia. Ijumaa haikumkuta.

Bibi alikuwa mdogo, mkono wake unauzunguka kwa vidole viwili. Jeneza walibeba vijana wa sokoni, wabebaji wenyewe, watu wa magunia ya mchele. Mimi niko dirishani na wanawake wenzangu. Wanapokezana, wanapokezana, mishipa imewatoka shingoni. Kabla hawajafika kona wakaliweka chini. Jeneza, chini, barabarani. Kijana mmoja, Zayed, anayebeba magunia mawili kwa mpigo, alikuja jioni kutoa pole, akaninong'oneza, "Dada, mlimwekea nini mle ndani?"

Nikamshukuru, nikafunga mlango.

Kesho yake Ubeid akaenda makaburini, akarudi amepauka. Kaburi limezama. Shimo linafika kiunoni. Wakajaza udongo, likazama tena. Aliniuliza ni nini, nikamwambia mvua. Mvua haijanyesha.

Muaz amenenepa sasa, ana meno mawili, anacheka na kila mtu. Juzi wamepeleka mkokoteni mwingine wa udongo.

Usiku wa mwisho Bibi aliweka mdomo sikioni kwangu akanikataza. Alisema usimsimulie mtu, atakayesikia atatuonea huruma, na mwenye huruma atanyoosha mikono. Nimeshindwa kukaa nayo peke yangu, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Tafadhali ukimaliza kusoma usiniulize kitu, na usinyooshe mikono kumuombea Bibi. Wallahi, simwambii mtu mwingine.