Kobe wa Mukashema na Mbolea Nyeupe

Adélaïde alikuwa akichambua maharage mbele ya nyumba yake, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mara jirani yake, mzee Natanaeli, akaja amebeba kobe.

"Mama Élyse," alimwita Adélaïde kwa jina la mtoto wake, "naenda hospitali Mbarara, banipasue ngiri ya tumbo. Ubaki na huyu kobe, Mutulivu. Ni yeye tu Mukashema aliniachia."

Mukashema alikuwa mke wake, marehemu. Yeye ndiye aliyemlea kobe huyo. Alimpandia tuta la majani ya viazi vitamu na lengalenga, aina ya mchicha, karibu na ua wa Adélaïde. Kila asubuhi kobe aliingia tutani mwenyewe, akala.

"Baba, enda na amani," alisema Adélaïde. "Nitamtunza kama mtoto wangu."

Maneno mazuri hayo! Shida ilikuwa Venuste, mume wake. Ni mtu mwema, lakini mikono yake haitulii. Aliona majani ya tuta yamekuwa ya njano. Mzee arudi akute kobe amekonda? Aibu gani hiyo! Alikuwa na mbolea nyeupe ya dukani, iliyobaki baada ya kutiwa kwenye mahindi. Alfajiri akainyunyiza juu ya majani, kama anatia chumvi mchuzini. Majani yalikuwa na umande, chembe zikanata. Hakumwambia mtu.

Kulipokucha, Adélaïde akamfungulia kobe kama kawaida.

Kabla ya saa sita mchana, mate yalimtoka Mutulivu mdomoni. Shingo ililala chini. Adélaïde alimgusa mguu, lakini kobe hakuurudisha ndani.

"Yesu Mariya! Venuste, umetia nini pale tutani?"

"Mbolea kidogo tu. Mbona sisi tunakula mboga za shamba na hatufi?"

"Mzee anarudi karibuni! Nitamwambia nini? Kwamba tumemfisha Mukashema mara ya pili?"

Venuste alipanda baiskeli, akaenda mbio kumtafuta Rwakabuba, daktari wa mifugo. Siku hiyo daktari alikuwa akichanja mbuzi kwenye njia ya kwenda Rugaaga.

Adélaïde alibaki peke yake na hofu yake. Kwao, mtu akila sumu hupewa maziwa. Basi akachukua kikombe cha maziwa na kijiko, akaanza kumfungua kobe mdomo. Hapo pikipiki ya daktari ikasimama nje, Venuste amepakiwa nyuma, baiskeli ameiacha huko.

"Mama nyabo, wacha!" Rwakabuba alipiga kelele kabla hajashuka. "Maziwa hapana! Itaingia kwa mapafu, itamuua haraka!"

Adélaïde aliangusha kijiko.

Rwakabuba aliuliza kobe amekula nini. Venuste aliinamisha kichwa, akasema yote. Daktari akampangusa kobe mdomo kwa kitambaa chenye maji safi. Kisha akamweka kivulini, ndani ya beseni lenye maji machache ya vuguvugu, yasiyofika puani.

"Atapona?" aliuliza Adélaïde.

"Mimi si Mungu, mama. Tungoje. Lakini asile tena kwa lile tuta."

"Daktari," alisema Venuste, "mbona sisi hatuumwi?"

"Bibi yako huyu anafanya nini na lengalenga kabla ya kula?"

"Anaosha. Anachemsha. Maji ya kwanza anamwaga."

"Eeh! Na kobe iko na sufuria?"

Venuste aligeuka kulitazama tuta.

"Mbolea ya dukani ni ya mahindi," Rwakabuba aliendelea. "Weka kwa udongo, fukia. Majani ya mnyama anayekula mbichi, tumia samadi ya ng'ombe au mbuzi. Lakini samadi mbichi, hapana! Iko na minyoo, tena inaunguza mimea. Rundika, funika, geuza mara kwa mara, miezi kadhaa. Ikipoa, ikiwa nyeusi, ikinuka kama udongo, hapo imeiva. Changanya na udongo kabla ya kupanda. Usimwage juu ya majani. Halafu majani, osha. Na mikono yenu, mkishika samadi au kobe, osha na sabuni."

Jioni Mutulivu hakula. Kesho yake pia hakula. Adélaïde alisali rozari kando ya beseni. Venuste aling'oa tuta zima na kuondoa udongo wa juu. Kisha akaenda kwa mfugaji kuomba samadi ya zamani, iliyoiva.

Natanaeli alirudi kobe akiwa bado hajala. Adélaïde hakumficha kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akawaka kwa hasira.

"Kwa nini hamukuniuliza? Simu ninayo!"

"Tusamehe, baba. Hatukujua."

Mzee alichukua jani la kiazi la shamba lingine, lililooshwa. Akapiga magoti polepole, mkono mmoja kwenye kidonda cha upasuaji, akamnyooshea kobe jani. Venuste hakuthubutu hata kukohoa. Kobe akatoa kichwa, akaling'ata jani. Adélaïde alilia mbele ya wote, bila haya.

Baada ya majuma kadhaa, tuta jipya alilopanda Venuste lilijaa majani ya kijani. Mutulivu alikula humo mpaka akasinzia.

Asubuhi moja Natanaeli akaja tena, amebeba kobe.

"Kesho narudi Mbarara, baangalie kidonda. Venuste iko wapi?"

"Shambani, baba."

"Umwambie, majani yakikuwa njano, anipigie simu kwanza."

Akamweka Mutulivu mikononi mwa Adélaïde, akaenda zake.