Alama za Mashavuni

Siku ile mjinga alikuwa Badru, na yeye mwenyewe hakatai. Ngojeni niwaeleze, ndugu zangu wa Kasulu, maana wengi wetu tulimsema kwa kosa ambalo hakulifanya.

Asubuhi ilikuwa njema. Mzee Twalibu alikuja kutoka Kibondo kumalizia posa ya mwanawe kwa Firdausi, binti wa Badru. Chai ikaletwa. Badru, ambaye dukani kwake hakuna mteja asiyepewa jina la utani, akaanza mizaha. Twalibu hakucheka. Alikuwa akiyatazama macho ya Badru, mekundu na yanayotiririka machozi.

"Macho hayo vipi, mzee mwenzangu?"

"Vumbi la unga wa muhogo tu."

"Na mwezi uliopita?"

"Vumbi hilohilo."

Twalibu akaacha chai nusu kikombe, akaaga. Wiki haikuisha, mji mzima ukajua kwamba Badru anakunywa gongo kwa siri, na Firdausi akaanza kuitwa binti wa mlevi.

Ukweli ulikuwa chumbani. Badru hukatika pumzi usingizini, na hospitali ilimpa mashine ya kumsukumia hewa, yenye kinyago cha kufunga puani. Mikanda yake humwachia alama mashavuni. Mtania watu akaogopa kutaniwa. Akailegeza mikanda, na hewa ikawa inavuja, inampuliza machoni mpaka alfajiri. Angemwambia Twalibu sentensi moja tu, yangeisha. Aliona haya.

Macho yalipokataa hata mwanga wa mlangoni, mkewe Asmahani alimpeleka kwa daktari Ghati.

"Usiku unavaa nini usoni?"

"Usoni? Sivai kitu, daktari. Najifunika shuka tu."

Asmahani hakubishana. Alifungua kikapu, akaitoa mashine mbele ya foleni nzima. Ghati akamvalisha Badru kinyago, akaiwasha, akasogeza kipande cha pamba karibu na jicho. Pamba ikapeperuka. Kwenye benchi mtu akacheka, na Badru akatamani ardhi immeze.

"Jicho limekauka, limechubuka," alisema Ghati. "Ungekawia, lingeota kidonda. Mashine usiiache. Kinyago tutakirekebisha kikae sawa, na utatumia dawa ya kulainisha macho."

Macho yakapona. Badru akapanda gari hadi Kibondo na mashine yake mapajani, akamweleza Twalibu yote. Mzee akamwomba radhi kwa dhati. Lakini kijana wake alikuwa ameshaposa msichana mwingine, huko Murungu.

Funzo

Ndugu zangu, ugonjwa si aibu. Ukipewa kifaa cha tiba, kitumie ulivyoelekezwa, na kikikuletea shida nyingine, rudi kwa daktari useme ukweli wote. Ukificha, watu watakutungia ugonjwa wao, na watakaoumia ni wa nyumbani kwako. Nasi tuliosema ovyo tujirudi.

Badru alikubali yote hayo, ila jioni moja alijitetea kwa binti yake: "Mwanangu, hujui zile alama zilivyokuwa zinanitia aibu."

Firdausi aliendelea kuchambua maharage.

"Baba, zile alama zilikuwa zinafutika kabla ya saa nne. Niambie haya waliyonisema mimi yatafutika saa ngapi."